Percy Julian, mjukuu wa watumwa aliyembwaga bingwa wa Oxford

MWAKA wa 1935, jarida la Chama cha Kemia cha Marekani lilichapisha makala iliyotoka katika chuo kidogo cha DePauw, mjini Greencastle, jimbo la Indiana. Waandishi wake walikuwa wawili: Josef Pikl, mzaliwa wa Austria, na Percy Lavon Julian, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 35 hivi. Makala hiyo ilieleza jinsi walivyofaulu kuunda katika maabara dawa ya macho iitwayo fisostigmini, kazi iliyokuwa imewashinda wengi. Isitoshe, ilidai bila kumung'unya maneno kwamba kundi la Robert Robinson wa Chuo Kikuu cha Oxford, lililokuwa likiwania ushindi huo huo, lilikuwa limepotoka.

Robinson hakuwa mtu wa kuchezewa. Alihesabiwa miongoni mwa mabingwa wakuu wa kemia ya viumbe duniani, na mwaka wa 1947 alikuja kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Julian kwa upande wake hakuwa hata na cheo cha profesa. Alikuwa mtafiti wa muda tu, anayeishi kwa ruzuku, katika chuo ambacho wanafunzi wake wengi hawakuwa wamezidi shahada ya kwanza. Profesa Kohler, aliyemfunza huko Harvard, alimpelekea simu ya maandishi akimwombea awe amesema kweli, maana kama alikuwa amekosea basi siku zake za mbele zingekuwa za giza.

Alikuwa amesema kweli.

Percy Julian alizaliwa Aprili 11, 1899, mjini Montgomery, jimbo la Alabama, akiwa mmoja wa wale waliolelewa wakisimuliwa utumwa na wazee walioupitia wenyewe. Familia yake ilisimulia kwamba babu yake alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kusoma na kuandika. Baba yake, James, alikuwa karani wa posta katika reli, na mama yake, Elizabeth, alikuwa mwalimu. Wazazi hao walikuwa na watoto sita na waliapa kuwasomesha wote hadi chuo kikuu. Wakawasomesha.

Haikuwa kazi rahisi. Mjini Montgomery wakati huo, shule ya umma kwa mtoto mweusi iliishia darasa la nane. Julian alijiunga na chuo cha ualimu cha watu weusi, na mnamo 1916 akapanda gari la moshi kuelekea Indiana kusomea DePauw. Alifika huko akiwa na upungufu mkubwa wa masomo, ikabidi asome ya shule ya sekondari jioni na ya chuo mchana. Bweni hakuruhusiwa kulala. Alipata kazi katika nyumba ya chama kimoja cha wanafunzi wazungu, akawa mwandazi wa meza na mchocheaji wa tanuri la kupasha nyumba joto, na malipo yake yalikuwa chumba kilicho chini ya paa. Mwaka wa 1920, kijana huyo huyo ndiye aliyeongoza darasa lake lote.

Wenzake waliofuzu nyuma yake walipata nafasi za kuendelea na masomo katika vyuo vikubwa. Yeye alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, kilichokuwa cha watu weusi. Mnamo 1922 alipata ufadhili wa kusomea Harvard, akahitimu shahada ya uzamili mwaka uliofuata, lakini nafasi ya ualimu msaidizi, ambayo ndiyo iliyokuwa njia ya kuelekea uzamifu, alinyimwa kwa hofu kwamba wanafunzi wazungu wasingekubali kufunzwa na mtu mweusi. Akarudi tena katika vyuo vya watu weusi, kwanza West Virginia na kisha Howard mjini Washington.

Ukombozi wake ulitoka ng'ambo. Mwaka wa 1929, kwa ufadhili wa wakfu wa Rockefeller, alisafiri hadi Vienna, Austria, akawa mwanafunzi wa Ernst Späth, mmoja wa wajuzi wakubwa wa alkaloidi, yaani zile kemikali chungu zenye nguvu ambazo mimea huzitengeneza na ambazo binadamu amezigeuza kuwa dawa au sumu. Kwa mara ya kwanza maishani alikula, akalala na kufanya kazi pamoja na wenzake bila kuulizwa rangi. Mnamo 1931 alipata shahada ya uzamifu. Aliporejea Howard aliandamana na Pikl, rafiki aliyempata huko. Hata hivyo, hakukaa. Mvutano na wakuu wa chuo, pamoja na barua zake za faragha zilizoishia katika kurasa za gazeti, ulimlazimu kujiuzulu mwaka wa 1932. Aliyemwokoa ni William Blanchard, mwalimu wake wa zamani wa kemia huko DePauw, aliyemtafutia mahali katika maabara yake.

Hapo ndipo kazi yake kubwa ya kisayansi ilipofanyika, na chanzo chake kilikuwa Afrika. Katika eneo la Calabar, kusini mashariki mwa nchi ambayo sasa ni Nigeria, hukua mmea utambaao wenye maharagwe ya rangi ya kahawia iliyokoza. Wenyeji waliyaita esere na kuyatumia katika kiapo: mshukiwa wa uchawi alinyweshwa maji yake, akitapika huachiliwa, akifa huhesabiwa kuwa na hatia. Wamishonari kutoka Scotland walipeleka mbegu hizo Edinburgh katika karne ya 19. Huko, daktari Robert Christison alionja kipande mwaka wa 1855, nusura imgharimu uhai. Mwaka wa 1863 ikabainika kwamba sumu hiyo hufanya mboni ya jicho isinyae, na kabla ya karne hiyo kwisha madaktari walikuwa wakiitumia kutibu glakoma, ugonjwa wa presha ya macho ambao hupofusha watu taratibu bila maumivu.

Dawa yenyewe, fisostigmini, ilipatikana kwa kuikamua kutoka kwa maharagwe hayo. Wanakemia George Barger na Edgar Stedman walipendekeza umbo la molekuli yake mnamo 1925, na tangu hapo mashindano yakawa ni nani atakayeiunda kuanzia mwanzo. Katika kemia ya wakati huo, kuunda ndiko kulikokuwa ushahidi wa mwisho. Mtu anaweza kukisia umbo la nyumba kwa kuchunguza vifusi vyake, lakini akiijenga upya na ikalingana na ile ya awali, mabishano huisha.

Hatua za mwisho za safari hiyo zilikuwa zimekwisha kujulikana. Aliyehitajika ni mtu wa kufikia kituo kimoja kabla ya mwisho, kemikali iitwayo eseretholi, kwani kutoka hapo njia ilikuwa wazi. Kundi la Robinson lilitangaza kwamba limeifikia. Julian na Pikl nao wakaifikia kwa njia yao wenyewe, ila mali yao haikufanana na ile ya Oxford. Mmoja wao lazima alikuwa na kitu kingine kabisa ndani ya chupa.

Namna ya kuamua ilikuwa rahisi, nayo ilikuwa kali. Kila kemikali safi huwa na kiwango chake cha joto cha kuyeyukia. Julian na Pikl walichukua haragwe lenyewe la Calabar, wakapata humo eseretholi ya asili, wakailinganisha na ile waliyoiunda kwa mikono yao. Zilikubaliana. Ya Oxford haikukubaliana. Julian hakuliacha jambo hilo lielee hewani. Aliliandika waziwazi katika jarida lililosomwa na kila mwanakemia, kisha akaendelea hadi kwenye fisostigmini yenyewe. Wengine wangechapisha matokeo yao na kuwaachia wasomaji hukumu, na pengine hiyo ndiyo ingekuwa busara ya mtu asiye na kazi ya kudumu.

Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo milango ingefunguka. Blanchard alimpendekeza Julian awe mwalimu wa kudumu DePauw, wakuu wa chuo wakakataa. Kampuni ya DuPont ilimpa Pikl kazi, ikamwacha Julian. Taasisi moja ya kemia ya karatasi mjini Appleton, Wisconsin, ilitaka kumwajiri, ikagundua kwamba sheria za mji huo hazikumruhusu mtu mweusi kulala humo usiku. Hatimaye William O'Brien, makamu wa rais wa kampuni ya rangi ya Glidden, alipata habari zake, na mwaka wa 1936 akamfanya mkurugenzi wa utafiti katika kitengo cha soya mjini Chicago. Ilikuwa nadra mno wakati huo kwa kampuni kubwa ya Marekani kumweka mtu mweusi kuongoza maabara ya wanasayansi wazungu.

Glidden haikumwajiri atafute hormoni. Ilitaka faida itokanayo na soya. Julian akaipa protini ya soya iliyotumika kupaka karatasi, ambayo hadi wakati huo ilitegemea protini ghali ya maziwa. Protini hiyo pia ndiyo iliyozaa povu la kuzimia moto wa mafuta, lililotumiwa na jeshi la wanamaji la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Mabaharia walilipa jina la utani la supu ya maharagwe.

Lakini kuna jambo alilokuwa amelihifadhi akilini tangu Greencastle. Alipokuwa akishughulika na mafuta ya haragwe la Calabar, aliona fuwele nyeupe zikijikusanya, akazitambua kuwa ni stigmasteroli, kemikali ya mimea ambayo umbo lake linakaribiana sana na lile la hormoni za binadamu. Mwaka wa 1940, maji yalivuja na kuingia katika tangi la Glidden lenye galoni 100,000 za mafuta safi ya soya. Wasimamizi walimjulisha kwamba mafuta yameharibika na kwamba kitu cheupe kimeganda chini. Mtu mwingine angeamuru yamwagwe. Julian alielewa kwamba maji yalikuwa yamemfanyia kazi aliyokuwa akiitafutia mbinu: yalikuwa yametenga steroli kutoka kwa mafuta, na kwa wingi usiowahi kuonekana.

Uzito wa jambo hilo hufahamika mtu akikumbuka hali ilivyokuwa. Projesteroni, hormoni inayolinda mimba, ilikuwa ikitolewa katika wanyama. Adolf Butenandt wa Ujerumani alihitaji ovari za nguruwe 50,000 ili kupata miligramu 20 tu mnamo 1934. Yeye na Mjerumani mwenzake, Erhard Fernholz, walikuwa wameonyesha kwamba stigmasteroli yaweza kugeuzwa kuwa projesteroni. Kwa hiyo si kweli kwamba Julian ndiye aliyeivumbua njia hiyo. Alichofanya ni kutafuta malighafi ya bei nafuu na kuihamisha kazi kutoka kwenye vichupa vya maabara hadi kwenye mapipa ya kiwanda. Projesteroni ya soya ikaanza kuuzwa kwa wingi, na wanawake waliokuwa wakipoteza mimba wakatibiwa kwayo.

Habari za kotisoni nazo zahitaji kunyooshwa, kwa kuwa mara kwa mara huandikwa kwamba Julian aliivumbua. Dawa hiyo ilitangazwa mwaka wa 1949 na Philip Hench na Edward Kendall wa Mayo Clinic, ambao pamoja na Tadeus Reichstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata. Wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani walionekana wakipanda ngazi. Aliyeiunda ni Lewis Sarett wa kampuni ya Merck, kwa kutumia nyongo ya ng'ombe na kupitia hatua zaidi ya 30, na bei yake ilikuwa kubwa mno. Mchango wa Julian ulikuwa njia bora ya kutengeneza kemikali ndugu, iliyojulikana kama Dutu S ya Reichstein, ambayo inapungukiwa na kotisoni kwa chembe moja tu ya oksijeni, mahali pagumu kupafikia. Mwaka wa 1952, Durey Peterson na Herbert Murray wa kampuni ya Upjohn waligundua kwamba kuvu wa kawaida anaweza kuipachika oksijeni hiyo pahali pake. Tangu hapo Dutu S ikawa na thamani kubwa, na dawa za jamii ya kotisoni zikaanza kushuka bei. Kumpa Julian sifa zisizo zake ni kumkosea heshima, kwa sababu zilizo zake zinatosha.

Mwaka wa 1950 gazeti moja la Chicago lilimtangaza kuwa mkazi bora wa mwaka wa jiji hilo. Mwaka huo huo alinunua nyumba katika kitongoji cha Oak Park, yeye na mkewe Anna, aliyekuwa mwanamke mweusi wa kwanza nchini Marekani kupata uzamifu wa sosholojia. Siku ya sikukuu ya Shukrani, kabla hawajahamia, watu wasiojulikana waliingia na kujaribu kuiteketeza. Juni 1951 baruti ilirushwa karibu na dirisha la chumba cha watoto walipokuwa wamelala. Julian hakuhama. Mwanawe alikuja kusimulia miaka mingi baadaye jinsi alivyokesha na baba yake juani na gizani wakiilinda nyumba, bunduki mkononi, na jinsi saa hizo zilivyowakurubisha.

Mwaka wa 1953 aliacha kazi Glidden akaanzisha Maabara za Julian. Wakati huo malighafi bora ya hormoni ilikuwa ni viazi vikuu vya mwituni vya Mexico, ambavyo Mmarekani Russell Marker alikuwa amevigundua thamani yake. Kampuni ya Syntex ilikuwa imeshika soko hilo barabara, na Julian alipojenga kiwanda chake huko alijikuta hapati kibali cha kuvuna. Alilifikisha suala hilo mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mwaka wa 1956. Alistahimili, na mwaka wa 1961 akaiuza kampuni yake kwa Smith, Kline & French kwa dola milioni 2.3. Mjukuu wa watumwa akawa milionea kwa kemia.

Vipi basi hupimwa uzito wa mwanasayansi wa namna hii? Swali hilo lilianza kujibiwa kwa tarakimu wakati Julian angali hai. Mwaka wa 1964, Eugene Garfield, ambaye naye alisomea kemia, alitoa faharasa iliyoonyesha makala gani imerejelewa na nani, na mara ngapi. Tangu hapo vyuo na wafadhili wamezidi kuamini hesabu. Mnamo 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo kinachompa kila mtafiti nambari moja, na siku hizi kuna wahadhiri wanaopandishwa au kunyimwa cheo kwa nambari hiyo.

Kwa kipimo kama hicho, Julian ni mtu wa kutatanisha. Miaka yake ya makala bora ilikuwa michache, hasa ile ya DePauw, ambapo aliwashirikisha hata wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti uliochapishwa. Alipoingia viwandani, sehemu kubwa ya akili yake ilikwenda katika hataza, na jina lake lipo katika hataza zaidi ya 130. Hesabu za kawaida za marejeleo huangalia majarida, wala haziangalii hataza. Hazihesabu tangi la mafuta, wala mama aliyejifungua salama. Tena mbinu ikishazoeleka viwandani, hakuna anayekumbuka kumtaja mwenyewe. Inakuwa mali ya wote.

Hata hivyo, makala za 1935 zimekataa kuzeeka. Umbo la pete zilizoungana lililomo ndani ya fisostigmini linapatikana pia katika kemikali nyingi za asili, na wanakemia hulitumia kama jiwe la kunolea: yeyote aliyebuni njia mpya ya kuunganisha molekuli hupenda kuijaribu kwa kutengeneza fisostigmini. Kila anapofanya hivyo, hukuta kwamba njia ya Julian na Pikl ndiyo ya kulinganishwa nayo, na mara nyingi husafiri sehemu ya mwisho katika barabara ile ile. Nje ya maabara, wazo la fisostigmini lilizaa dawa nyingine, zikiwemo rivastigmini ambayo hupewa wagonjwa wenye maradhi ya kusahau ya Alzheimer. Ni makala chache za kemia za miaka hiyo ambazo bado husomwa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya historia tu.

Wenzake walichelewa kumtambua rasmi. Alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani mwaka wa 1973, akiwa na umri wa miaka 74, miaka 38 baada ya kazi ile ya Greencastle. Kabla yake mtu mweusi mmoja tu, mwanahisabati David Blackwell, alikuwa ameingia humo. Julian alifariki Aprili 19, 1975, kwa saratani ya ini.

DePauw, kile chuo kilichokataa kumpa kazi ya kudumu, kililipa jengo lake la sayansi jina lake mnamo 1980. Mwaka wa 1993 picha yake ilitokea katika stempu ya posta ya Marekani, na mwaka wa 1999, miaka 100 tangu azaliwe, Chama cha Kemia cha Marekani kiliitangaza kazi ya fisostigmini kuwa miongoni mwa kumbukumbu za kitaifa za kemia. Bamba la ukumbusho huo liliwekwa Greencastle, katika chuo kile kile ambako kijana wa Montgomery aliwahi kulala chini ya paa na kuchochea moto wa wenziwe.